Mkunga wa Mzee Luo

Xiaobei, Guangzhou
Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umekaa, miguu umeinyoosha juu ya kigoda, na si uko mbioni kwenda kumzalisha mtu. Miguu inaendeleaje? Ule uvimbe wa kifundo umepungua? Na presha, unakwenda kupima kama ulivyoambiwa, au unangoja uzidiwe ndipo uende? Nakuuliza kwa maandishi kwa sababu kwenye simu unasema tu hujambo, halafu unaanza kunihoji mimi, na kadi inakwisha sijajua lolote.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, naswali, nafanya kazi. Nimeanza na hilo ili yanayofuata uyasome bila kushika kichwa.

Anayekuletea barua hii ni Da Rukia mwenyewe, mwenye ofisi ya kago ninayofanyia kazi. Anakuja kumtazama mama yake Pongwe, akasema atapita kwako kabla hata ya kwenda kwao. Mpe maji ya kunywa, umkarimu, maana habari nyingine nimemwachia azisimulie yeye. Lakini hii ya kwangu nimetaka uisikie kwangu.

Mama, wakati wa mvua za huku nilipasuliwa. Kidole tumbo. Sikukuambia siku zile kwa sababu ungefanya nini ukiwa Tanga zaidi ya kukosa usingizi? Sasa kovu limekauka, kazi narudi kuifanya kama zamani, ila mizigo mizito Da Rukia hataki niishike.

Ilikuwa asubuhi, niko ofisini nafunga marobota ya jinzi yaliyoletwa kutoka viwandani Xintang. Tumbo likanikamata upande wa kulia. Nikadhani ni chakula. Nikaendelea kuvuta selotepu mpaka nikashindwa kunyooka. Da Rukia alikuwa soko la Liuhua na wateja wa viatu, simu haipatikani. Nikajikokota mpaka nyumbani, nikashika ukuta wa ngazi hatua kwa hatua, nikafika mlangoni kwa Ayi na hapo nikaketi chini, sikuweza tena.

Ayi ndiye mwenye nyumba ninayopanga chumba. Maana ya neno hilo ni mama mdogo, na kila mtu wa umri wangu humwita hivyo mwanamke wa umri wake. Mumewe ni Mzee Luo. Wanakaa wawili tu. Mtoto wao ni mmoja, wa kiume, yuko Shanghai kwa kazi, anakuja mwaka mpya wao na kuondoka.

Kabla ya hapo, mama, mimi na Ayi tulikuwa watu wa salamu na kodi. Siku ile alivaa viatu bila soksi, akasimamisha teksi, akanishika kiuno kama mtu anayebeba mtungi uliojaa. Hospitali za huku mgonjwa lazima awe na mtu wake wa kumlisha na kumsafisha. Muuguzi akamuuliza, "Wewe ni nani wake?"

Ayi akajibu, "Mimi mama yake mdogo."

Muuguzi akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaandika.

Akakaa na mimi siku zote za wodini. Nilipoanza kuruhusiwa kula, alikwenda dukani akanunua sufuria mpya na mwiko mpya, akaniletea mpaka kitandani nivione vikiwa bado na karatasi za dukani. "Hii haijagusa nguruwe," akasema. "Na haitagusa." Humo ndimo alimopikia uji wa mchele, na samaki, na tangawizi nyingi kama unayotia wewe. Mpaka leo sufuria ile imetundikwa msumari wake peke yake.

Niliporudi nyumbani nikakuta wamenihamisha. Chumba changu hakina dirisha, na Mzee Luo alisema mgonjwa hapaswi kulala pasipo na hewa. Akanipa kitanda chake, yeye akalala kwenye kitanda cha kukunja koridoni. Hakuniambia mwenyewe. Nilikuta tu shuka zangu zimetandikwa kule.

Kwa hiyo kwanza nataka umwombee dua Ayi na mumewe. Kila sala, mama, wataje. Halafu ndipo nikueleze habari ya mkunga, samaki.

Mzee Luo alikuwa fundi wa makasha ya mbao. Mashine, vigae, vioo, injini za boti, kila kitu kizito kilichotoka mtaa huu kwenda Afrika au Arabuni, kasha lake kalitengeneza yeye. Huku majengo yanaangushwa na kuinuliwa kama mtu anayepanga na kupangua vyombo kabatini, na zamu ya karakana yake ikafika. Pale ilipokuwa sasa kuna mnara wa maduka. Alipewa muda wa kuhama, akabeba zana zake, randa, misumeno, patasi, akazifunga kitambaa, akazisukuma chini ya kitanda. Tangu siku hiyo akawa anakaa kwenye kiti kinachotazama ukuta. Hagombi, hasemi, televisheni haiwashi. Akipewa chakula anakula nusu. Akiulizwa mguu wake mbovu unaumaje anasema unauma.

Mwanawe alipokuja mwaka mpya akamletea tangi la kioo la kufugia samaki wa maji ya chumvi, wale wa mapambo. Si kubwa. Lingeenea juu ya kabati letu la vyombo. Nadhani kijana alitaka baba yake awe na kitu cha kutazama badala ya ukuta. Mzee akafurahi, Ayi anasema, alifurahi kweli. Akajaza maji, akatia chumvi, na siku hiyohiyo akatia samaki. Hakuna aliyemwambia maji yanahitaji kukaa kwanza. Wakafa, mmoja leo, mwingine kesho. Wa mwisho alipokufa akazima pampu, akasema, "Sasa hata maji yananikataa," akarudi kwenye kiti chake.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta nilipotoka hospitali, nikaanza kukaa nao sebuleni mchana kutwa. Siku moja Ayi yuko jikoni anamenya tangawizi, akaniita nimsogelee. Ananiita Hawa, Mwanahawa zima linamshinda.

"Anataka mkunga," akaniambia kwa sauti ndogo.

"Wa kula?"

"Wa kufuga. Ameanza kusema juzi. Hajataka kitu tangu karakana ivunjwe, na sasa anataka mkunga." Akaendelea kumenya. "Wewe umezaliwa baharini. Nenda naye sokoni, mchague anayemfaa mtu asiyejua. Lakini Hawa, nakuomba. Pasife tena kitu ndani ya nyumba hii. Kikifa kingine, mimi huyu sitaweza kumwinua."

Mama, ningemjibu nini? Mkunga ninayemjua mimi ni yule wa kwenye chungu, aliyeungwa nazi, na yule aliyemng'ata marehemu baba kidole kule mwambani kikavimba kama muhogo. Kufuga sijui. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Unajua zaidi yetu," na mambo yakaishia hapo. Kwa mtu aliyekuogesha huwezi kusema hapana.

Soko la samaki wa mapambo liko ng'ambo ya mto. Tukaenda kwa treni ya chini ya ardhi, Mzee Luo na fimbo yake, mimi na kovu langu, tunatembea kwa mwendo mmoja wa taratibu. Ndani ya treni nikamuuliza kwa nini mkunga.

"Nilizaliwa pwani," akasema. "Gati letu lilikuwa na tundu, na ndani yake alikaa mkunga. Nikipita kwenda shule anatoa kichwa. Nikirudi anatoa kichwa. Samaki wengine wanapita tu. Mkunga anakaa mlangoni kwake anakutazama."

Tukafika. Duka la kwanza lenye mikunga lilikuwa la mwanamume mmoja mchangamfu, ana sigara sikioni. Alikuwa na mkunga mmoja mkubwa, mnene kama paja la mtoto, huyo hata mimi nilijua tangi letu atalijaza yeye peke yake. Lakini pembeni alikuwapo mwingine. Mama, sijaona kiumbe kizuri kama kile. Mwembamba kama utepe, bluu ya kanga iliyotoka dukani, mgongoni ana mstari wa manjano tangu kichwani hadi mkiani, na puani kama amevaa vijiua viwili. Anacheza mahali pamoja, taratibu, kama kitambaa kwenye upepo. Nikamtazama Mzee Luo, nikauona uso wake umefunguka.

"Huyu ndiye wa mtu anayeanza," muuzaji akasema. "Mwembamba, mpole, tangi lako linamtosha."

Mzee akaingiza mkono mfukoni. Na mimi nilikuwa nimekwisha kukubali moyoni. Kilichonizuia ni wewe.

Nilikumbuka nilipokuwa nakufuata kwenda kutazama wazazi. Tukifika, watu wanakuonyesha mtoto, wanasema mzuri, ana nywele, amefanana na babu yake. Wewe huitikii lolote. Unauliza, "Amenyonya?" Wakisema ndiyo, unavua viatu, unakaa kitako mkekani, unasema, "Basi mpe nimwone." Na hutoki mpaka umeona koo la mtoto linameza.

Nikamuuliza muuzaji, "Anakula?"

"Anakula."

"Mpe nimwone."

"Ameshakula leo. Kashiba."

"Amekuja lini hapa?"

"Juzi." Kisha akasema wiki iliyopita. Nikamwambia basi mpe kidogo tu. Akachukua kamba mdogo, akamdondosha mbele ya yule mkunga wa bluu. Mkunga akageuza kichwa. Kamba akashuka mpaka mchangani akabaki pale. Nikaomba ajaribu kipande cha samaki. Akageuka tena. Muuzaji akaanza kukasirika, akasema ana haya, akizoea atakula, na kama sinunui niwapishe wengine.

Mzee Luo alikuwa ameshatoa pochi. Nikamshika mkono. Mama, nilimshika mkono mtu mzima mbele ya watu. "Fundi," nikamwambia, "huyu hali. Atakufa."

Hilo neno, kufa, huku hawalitamki ovyo mbele ya mzee. Watu wa duka la jirani wakageuka. Akairudisha pochi mfukoni polepole, akatoka nje, akatangulia mpaka stesheni bila kunitazama. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake, akakaa, akautazama ukuta. Ayi aliangalia mikono yetu mitupu, akaenda jikoni.

Zile siku zilikuwa ngumu kwangu kuliko za wodini. Nilijiona nimemlipa mtu aliyenipa kitanda chake kwa kumwaibisha sokoni. Nikarudi kulala chumbani kwangu kusiko na dirisha, nikawa natoka mapema, narudi nimechelewa kidogo, napita koridoni kama mwizi. Nilimwambia Da Rukia nataka kutafuta chumba kwingine. Akaniambia, "Subiri. Mtu aliyenuna hahamwi, husubiriwa."

Siku moja Ayi akanipigia simu ofisini. "Mzee yuko huko kwako?"

"Hayuko."

"Ametoka. Amechukua fimbo na kofia, hakusema anakwenda wapi."

Nikaacha kazi. Nikazunguka Xiaobei yote, kwenye migahawa, kwenye mabenchi chini ya daraja la barabara wanapokaa wazee wenzake, hakuna. Narudi nyumbani nimechoka, namkuta amekaa mezani, si kwenye kile kiti, anakunywa chai. Ayi amesimama nyuma yake na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Hakula," Mzee akaniambia.

"Nani?"

"Yule wa bluu. Nimekwenda leo nikakaa mbele yake mpaka mchana. Nitakwenda tena."

Akaenda tena, na tena. Safari ya mwisho hakumkuta. Mwenye duka akamwambia ameuzwa. Lakini duka la pili yake kuna mama mmoja anayeuza pia samaki wa maji ya chumvi, mama wa mabuti ya mpira na mikono imechubuka kwa maji. Huyo akatikisa kichwa tu, Mzee akaelewa kuwa hakuuzwa. Jioni ile tukiwa tunakula, aliweka vijiti chini akaniambia, "Ulisema kweli. Ungenivuta nje ukaniambia huko, ingekuwa vizuri zaidi. Lakini ulisema kweli."

Nikamwomba radhi kwa ile ya mbele ya watu. Akanisogezea bakuli la mboga. Basi.

Yule mama wa mabuti ndiye aliyemfundisha. Wa kwanza kabisa aliyekataa kumuuzia kitu alikuwa yeye. Alimwambia arudi nyumbani, atie mawe ya baharini yaliyo hai bado, yenye vijidudu vya kusafisha maji, awashe pampu, asitie samaki, aache maji yakomae, na awe anamletea maji kwenye chupa ayapime. Mzee akawa na kazi. Asubuhi nikiamka kuswali namkuta ameshafika tangini, amevaa miwani, anatazama maji matupu. Ayi akanikonyeza siku moja akasema, "Anayatazama maji kuliko alivyonitazama mimi nikiwa bibi harusi."

Hatimaye maji yakakubali. Tukaenda wote watatu. Mama wa mabuti akatuonyesha mkunga mmoja mweupe wa maziwa, ana mabaka meusi mwili mzima na vitone vya manjano ndani ya mabaka, kama mtu amemwaga wino na bizari kwenye unga. Si mzuri kama yule wa bluu. Sura yake ni ya mtu anayejiuliza kitu. Wao wanamwita wa theluji.

Mzee Luo hakuuliza bei. Aliuliza, "Anakula?"

Yule mama akacheka, akachukua kibanio kirefu, akabana kipande cha kaa, akakiingiza majini. Hata hakijafika, mkunga ametoka kwenye jiwe, ananusa huku na huku, maana macho yao ni dhaifu, kisha akakinyakua, akameza, akatoa kichwa kungoja kingine. Akapewa. Akala. Nikaona Mzee anaangalia koo.

"Huyu ni mla kaa," mama akaeleza. "Meno yake butu, ya kuvunjia magamba, si kama sindano za wale wengine. Akikua ni kama urefu wa mkono wako, lile tangi litamtosha. Usimweke na kamba wala visamaki vidogo, atawala. Usimlishe kila siku, na usimlishe kwa vidole. Mpe mawe ya kujificha." Halafu akainua kidole. "Na mfunike. Huyu anatoroka. Penye tundu la kupita kidole, anapita yeye mzima."

Tulilisikia hilo kama watu wanavyosikia tangazo msikitini huku wanatafuta viatu. Tukaweka kipande cha kioo juu, pembeni tukaacha nafasi ya waya wa pampu, tukaridhika.

Akakaa vizuri. Alichagua jiwe lake, akawa anatoa kichwa, na Mzee akasogeza kiti chake. Kile cha ukutani, mama. Alikigeuza.

Jumapili moja mchana, mimi nakaanga mandazi kwa ajili ya wanafunzi wa Kitanzania wanaokuja kula kwetu, nikasikia Ayi anasema sebuleni, wala si kwa kelele, "Hayupo."

Kioo kilikuwa kimesogea. Tukatoa mawe, tukachungulia nyuma ya pampu, hakuna. Tukaangalia nyuma ya kabati, chini ya kochi, hakuna. Muda unakwenda. Ayi akakaa akajiziba mdomo kwa aproni, na nikaona hatazami tangi wala sakafu, anamtazama mumewe. Na mimi nikawa namtazama yeye huyohuyo.

Mzee Luo alisimama katikati ya chumba ameegemea fimbo. Kisha akaiweka fimbo juu ya meza, akashika ukingo wa kiti, akapiga magoti. Yale magoti ambayo hayakunjiki hata kuvaa viatu, Ayi ndiye anayemfunga kamba. Akalala kabisa, shavu likagusa sakafu, akawa anatazama vigae kwa usawa wake. "Kuna unyevu," akasema. "Unakwenda jikoni." Akatambaa kuufuata, sisi nyuma yake.

Jikoni, kwenye kona ya mfereji wa maji machafu ambapo pana majimaji siku zote, lilikuwapo buti langu la mvua limelala ubavu. Akachungulia ndani. Halafu akalishika buti kwa mikono miwili, akainuka bila fimbo, sijui aliinukaje, akatembea nalo mpaka tangini, akaliinamisha majini taratibu mpaka mkunga akateleza nje.

Akazama chini akalala ubavu. Vumbi la jikoni limemganda mgongoni. Tukasimama. Mandazi yaliungua, hakuna aliyekwenda. Nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua, ya samaki na isiyo ya samaki. Baada ya muda mrefu mdomo ukafunguka, ukafunga. Ukafunguka tena. Mzee akatoa pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa ngazi nyingi, akatafuta kiti kwa mkono, Ayi akamsogezea.

Kesho yake mkunga hakula. Siku iliyofuata alitoa kichwa akachukua kipande cha kamba, akameza, nasi tukala chakula cha maana siku ile, sote.

Ila Mzee hakungoja kesho. Jioni ileile ya Jumapili alivuta zana chini ya kitanda, akafungua kitambaa, akanoa patasi kwanza. Akatengeneza mfuniko wa fremu ya mbao na wavu mgumu wa plastiki, na pale pa waya akachonga tundu la kupita waya tu, hata pini haipiti. Baadaye akarekebisha rafu ya Ayi. Kisha akatoboa ukuta wa chumba changu upande wa koridoni akanitengenezea kidirisha cha vibao. Sasa nalala na hewa, mama.

Da Rukia alikuja kunitembelea akaona ule mfuniko, akaupapasa viungo vyake. Alikuwa na mteja wa Dodoma anayepeleka mashine ya kukatia mawe, haipakiki kwenye kartoni. Akamuuliza Mzee kama bado anapokea kazi. Mzee akasema atafikiri. Asubuhi yake tukamkuta mlangoni pa ofisi kabla yetu. Siku hizi anatengeneza makasha kwenye uwanja wa nyuma ya ofisi, si mengi, na siku za baridi mguu unapomsumbua anarudi kukaa kimya kama zamani. Sitakudanganya kwamba amepona kila kitu. Lakini siku hizo ni chache, na chakula anamaliza.

Nimpe salamu nani kabla karatasi haijaisha? Mpe kaka Omari, mwambie viatu vyake vimo ndani ya mzigo, asivae kabla ya Idi. Mpe mdogo wangu Salma, aache kumtuma mtu aseme anasoma, asome. Shangazi Mwanaisha umwambie vitambaa vya mapazia nimevipata rangi ileile. Mzee Shekue wa cherehani, jirani yetu, mpe salamu na shukrani kwa kukuwekea umeme mimi nisipokuwapo. Na wale wazazi uliowazalisha wanaoniulizia, wote.

Limebaki jambo moja. Mzee Luo aliniuliza nani alinifundisha kumuuliza muuzaji kama mkunga anakula. Nikasema mama yangu. Akauliza mama anafanya kazi gani. Neno la Kichina nilikuwa silijui, nikamwonyesha kwa mikono, tumbo, mtoto, mtu anayempokea. Akaelewa. Akauliza kwa Kiswahili anaitwaje mtu huyo. Nikamwambia, mkunga. Akauliza, na yule wa tangini? Nikamwambia, mkunga. Akadhani Kichina changu kimeharibika, akanirudishia swali mara ya pili. Alipohakikisha, akacheka. Mama, nimekaa nyumba ile muda wote huu, sikuwahi kumsikia akicheka. Ayi alikuja kutoka jikoni kutazama ni nani.

Akauliza ukiitwa kwa mzazi unabeba nini. Nikamwambia: mkasi, uzi, glovu, sabuni, vitambaa safi, na unavibeba kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

Lile sanduku atakalokupa Da Rukia ndilo jibu lake. Mbao yake inanukia kafuri ili wadudu wasiingie, na ndani hakuna msumari hata mmoja, viungo vyote amevichonga vikaumana. Kila kitu chako kina chumba chake. Mpini ameupima kwa kiganja changu, maana nimemwambia mikono yetu ni sawa. Ayi ndiye aliyetandika kile kitambaa cheupe.

Kinachomsumbua ni chumba cha mkasi. Nilimwonyesha urefu kwa kukisia. Ananiuliza kila siku kama nina hakika, nami sina. Ukiona mkasi haukai vizuri, usiulazimishe. Kata uzi kwa urefu wake, umpe Da Rukia aniletee, na Mzee atachonga kingine.

Mwanao akupendaye na kukuombea,
Mwanahawa